Goti la Kushoto la Baba

Jumamosi, Novemba 2

Dada Lorna amepiga simu kutoka mji wa Duluth kabla sijamaliza kahawa. Habari mbaya. Juzi asubuhi Baba alilipita basi la shule likiwa limesimama, taa nyekundu zinawaka, kibao cha kusimamisha magari kimenyooshwa. Watoto walikuwa hawajaanza kuvuka. Dereva wa basi alisoma na Lorna, ndiyo maana amempigia yeye na si polisi. Safari hii tu, dereva amesema.

Baba ana miaka themanini na tatu. Katikati ya macho yake kumeingia ukungu, anaona pembeni tu. Daktari naye ni wa huku huku. Alimwambia Baba mwezi wa saba kwamba huenda siku moja ikafaa kulifikiria suala la kuendesha. Baba akajibu kwamba atalifikiria. Kisha daktari akamvuta Lorna pembeni na kumwambia mzee asiguse usukani tena.

Lorna anasema lazima mtu amwambie Baba kabla theluji haijaanguka, kabla hajaua mtoto wa watu. Mtu huyo ni mimi kwa sababu naishi maili mbili kutoka kwake. Nikamwuliza, si yeye ndiye mkubwa? Akasema simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Nimeenda. Nimekaa jikoni kwa Baba saa tatu nzima. Vikombe vinne vya kahawa, mkate wa iliki, habari za matairi ya baridi. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza nikasema upepo umegeuka. Mara ya pili nikasema umegeuka tena. Nimerudi nyumbani na gunia la viazi.

Kwetu jambo zito halisemwi. Linazungukwa mpaka lichoke. Siku Mama yetu, Helmi, alipofariki, Baba alinipigia simu akasema huenda nikapenda kupita.

Lakini njiani, nikiwa na viazi vyangu, wazo! Goti! Mwaka 1978 gogo liliangukia goti la kushoto la Baba, na tangu hapo mguu ule umekufa ganzi, hata ngazi za kwenda chumbani kwake huzipanda kwa kujivuta kwenye reli. Gari lake ni otomatiki. Mguu wa kushoto hauna kazi humo. Sasa je, mtu aking'oa giaboksi ya otomatiki na kuweka ya gia za mkono? Klachi inataka mguu wa kushoto. Baba hana mguu wa kushoto. Basi, haendeshi! Na hakuna aliyemkataza. Kosa ni la klachi.

Nina akili kuliko watu wanavyodhani. Inasikitisha kwamba hakuna wa kumweleza.

Jumatatu, Novemba 4

Nimemwambia Baba giaboksi yake inateleza. Akasema hajasikia kitu. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nikamwambia nitaitengeneza bure, zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Akasema siku yake ya kuzaliwa ni Aprili. Nikasema nawahi.

Akalileta gari mwenyewe mpaka gereji kwangu, mimi nikifuata nyuma na roho mkononi. Sanduku langu la barua la kando ya barabara sasa limelala kwenye nyasi. Baba aliposhuka alisema barabara ya huku imekuwa nyembamba.

Tatizo: giaboksi ya gia za mkono ya gari kama lile ipo moja tu, ndani ya mkweche ulio nyuma ya ghala la Gordy Pelto, jirani yangu. Gordy ana gereji yenye sakafu inayopashwa joto. Ana mashine ya kuinulia gari. Ana redio mbili. Mimi nina jeki na kipande cha zulia. Nilimwuliza kama ana haja na ule mkweche. Akatazama mawingu kwa muda mrefu, akasema hana shida nao sana. Akasema pia kwamba, kwa vile tumegusia mambo, amekuwa akiwaza kuhusu jukwaa langu la kuwindia.

Jukwaa langu! Babu yangu alilipigilia juu ya mti wa msonobari, kulungu hupita chini yake kama wameitwa. Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi hii. Nimewinda pale tangu nina miaka kumi na miwili. Nimempa. Nilisema si neno. Kisha nikaingia chooni nikafungulia maji ili nipige kelele kidogo.

Jumanne, Novemba 5

Siku ya kwanza chini ya gari. Kwa miaka thelathini barabara zetu zimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu kila baridi, na chumvi yote iko kwenye boliti za Baba, zimeganda kwa kutu. Nimekata tatu, nimevunja moja, na spana imenivunja kidole gumba, au karibu.

Kumwaga mafuta ya giaboksi: kitabu kinasema andaa chombo kikubwa. Nikaandaa ndoo ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke. Mafuta yakatoka mengi kuliko kitabu kilivyosema, na yote yalitaka kuingia kwenye mkono wa koti langu. Mekundu. Yananuka samaki aliyeungua. Ndoo ya sauna ilikuwa ya marehemu mke wangu. Nimeiosha mara tatu na bado inanuka.

Propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, imetoka. Mirija ya kupozea imetoka. Boliti mbili za juu kabisa, zile zinazoshika giaboksi kwenye injini, sizioni wala mkono haufiki. Gordy amepita akachungulia. Akasema yeye angelianzia juu, lakini kila mtu na njia yake. Hiyo, kwa Gordy, ni tusi zito.

Alhamisi, Novemba 7

Naandika kwa shida. Mbavu.

Boliti za juu zilitoka saa nne asubuhi. Nikaweka jeki chini ya giaboksi, nikaivuta nyuma taratibu. Haikuja. Nikavuta kwa nguvu. Haikuja. Kumbe kuna lile bakuli kubwa la chuma lililojaa mafuta, kati ya injini na giaboksi, nalo lina boliti zake za siri ambazo unazifikia kwa kuzungusha injini, moja baada ya nyingine. Kitabu kimelieleza kwenye ukurasa uliogandamana kwa jamu. Basi nikazifungua. Ya mwisho ilipotoka giaboksi ikaja, yote, pamoja na bakuli, ikateleza kwenye jeki na kunikalia kifuani.

Kilo themanini! Pumzi ikaisha. Mafuta yaliyobaki kwenye bakuli yakanimwagikia shingoni polepole.

Baada ya kitambo nikaona viatu vya Gordy. Akaniuliza habari za kazi. Nikasema si mbaya sana. Akasema naona imetoka. Nikasema ndiyo, imetoka. Akasema redio inatabiri theluji kidogo Jumapili. Nikasema itasaidia kufuata nyayo za kulungu. Akakubali. Akanieleza matairi aliyonunua. Tulikwenda hivyo kama dakika kumi, mimi nikipumua kwa awamu. Mwisho akasema asingependa kuingilia, lakini kama ninataka, angeweza kuinua upande mmoja. Nikamwambia, kama huna haraka.

Jumamosi, Novemba 9

Ufunguzi wa msimu. Wanaume wote wako msituni. Mimi chini ya gari.

Saa mbili asubuhi nilisikia mlio mmoja wa bunduki kutoka upande wa jukwaa langu. Mmoja tu. Saa tatu Gordy akapita taratibu, taratibu kuliko inavyohitajika, na dume la kulungu nyuma ya gari lake. Pembe zenye matawi kumi! Nimeyahesabu. Alipiga honi. Nilipunga spana.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na klachi viko mahali pake, na giaboksi mpya imepanda. Nilikuwa nafunga pedali ya tatu pale Baba alipotokea mlangoni. Kwa miguu! Maili mbili kando ya barabara, siku ya kwanza ya kuwinda, amevaa lile koti lake la kahawia linalofanana na kulungu kuliko kulungu mwenyewe. Nikamfokea, kwa nini hakuvaa la rangi ya chungwa, ili wawindaji wamwone? Akasema hakuliona.

Alileta mikate ya nyama. Nilitupa blanketi juu ya pedali. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza mengi kuhusu giaboksi, nami nikadanganya mengi; la kweli lilikuwa moja tu, zile kilo themanini kifuani. Kisha akainama, akapitisha mikono yake chini ya gari, akaipapasa giaboksi mpya kote kote, polepole, mpaka kwenye ule mkono wa klachi unaojitokeza ubavuni. Akaiacha mikono pale kidogo. Akajifuta kwa leso. Hajaona, nikajipongeza moyoni. Macho yamekwisha kabisa.

Alipokuwa anaondoka aliuliza kama kesho ningeweza kumpeleka kwenye kaburi la Mama. Yeye huenda kila Jumapili, lakini gari ndilo hili liko hapa. Nikasema kesho sitaweza, niko kwenye gari lake. Akasema si mbaya. Nilimrudisha kwake, na njia nzima tulizungumza juu ya mikate.

Jumanne, Novemba 12

Kila kitu kimefungwa. Nikageuza ufunguo. Kimya! Nikageuza tena. Kimya kama kanisani.

Nililala juu ya usukani kwa muda. Nilifikiria jukwaa langu. Nilifikiria yale matawi kumi ya pembe.

Gordy (nani alimwita?) akaeleza. Giaboksi ya otomatiki ina swichi inayozuia gari lisiwake likiwa kwenye gia. Nimeing'oa giaboksi, swichi imeondoka nayo. Dawa yake ni kufunga swichi nyingine kwenye pedali ya klachi, ili gari liwake pale tu mguu unapoikanyaga. Kazi ya nusu saa, akasema, kwa mtu mwenye mwanga wa kutosha. Alikuwa anatazama taa yangu.

Sitaki kufundishwa na mtu mwenye redio mbili. Nimezichukua nyaya mbili, nimezisokota, nimezifunga kwa utepe. Nikageuza ufunguo. Gari lilikuwa kwenye gia ya kwanza, likaruka kama limechomwa sindano, likabomoa rafu ya rangi. Sasa gari la kijani la Baba lina mfereji mweupe kuanzia boneti hadi mlango. Lakini linawaka! Likiwa kwenye gia au lisiwe kwenye gia, mguu uwepo au usiwepo, linawaka. Swichi ya nini?

Nimempigia Lorna kumwambia suala la Baba limekwisha. Akaniuliza nilimwambiaje. Nikasema kwa njia yangu. Akasema theluji imeanza kule kwao.

Alhamisi, Novemba 14

Leo nimelirudisha gari. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Baba, nikasema, bahati mbaya. Giaboksi ya otomatiki haikupatikana kabisa, Minnesota nzima. Imebidi kuweka ya gia za mkono. Pole sana kwa goti lako. Basi gari likae tu uani, mimi nitakuwa nakuletea vitu vya dukani. Niliweka uso wa msiba. Ni hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa.

Baba akasema, "Ahaa." Akaomba ufunguo. Nikampa ili akajionee mwenyewe.

Akaingia. Mguu wa kushoto akauegesha pembeni kama mwavuli. Akapapasa kirungu cha gia, akaweka ya kwanza, akageuza ufunguo. Stata, ile mota ya kuwashia injini, ikalisukuma gari mbele, injini ikadaka njiani, na huyo akaenda! Bila klachi! Alipofika barabarani akaisikiliza injini, akaachia mafuta kidogo, akaingiza ya pili kwa vidole viwili. Haikukwaruza. Akatoweka kwenye kona.

Nilisimama na mdomo wazi, theluji ikaingia.

Nimesahau nini? Nimesahau kwamba mtu huyu aliendesha malori ya magogo miaka arobaini, na kwamba nusu ya miaka hiyo ni baada ya goti, akibadili gia kwa kusikiliza injini tu. Alirudi baada ya dakika arobaini, na waya wa uzio ukiburutwa nyuma. Alikuwa anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Mama aondoke. Akanieleza kwamba mwaka 1971 klachi ilikatika huko juu karibu na mpaka, akaja nayo hivyo hivyo mpaka Duluth na mzigo wa misonobari, hakuikosa gia hata moja. Akasema ile otomatiki ilikuwa inamlaza usingizi. Akanishukuru. Akanishika bega!

Gordy alimwona akipita. Amesema kwa heshima kubwa kwamba Baba anabadili gia kwa ulaini ajabu, halafu akauliza kama ni mimi niliyemwambia apitie shambani kwake.

Nilikuwa na mzee asiyeona anayeendesha. Sasa nina mzee asiyeona anayeendesha kwa furaha.

Jumapili, Novemba 17

Naibu wa sherifu, yaani polisi wa wilaya yetu, alipiga simu saa tano asubuhi. Akaanza na barafu ya barabarani. Nilijua hapo hapo.

Ni pale kwenye kona, kwenye kibanda cha mbao ambamo watoto hujikinga na upepo wakisubiri basi la shule. Hakipo tena. Ni mbao tu kwenye theluji, na gari la Baba limeketi juu yake. Ndani ya vipande niliona glavu moja ndogo ya pinki iliyosahaulika siku za nyuma. Nilitapika kando ya barabara, nasema wazi. Leo Jumapili. Ingekuwa Jumatatu, saa moja na nusu, wangekuwemo watoto wanane.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda, ambalo peke yake lilibaki limesimama, leso kwenye paji la uso. Damu kidogo. Alikuwa anatoka makaburini. Nikakaa karibu naye. Naibu akaenda kusimama mbali na kujifanya anapima matairi.

Baba akatoa ufunguo akauweka kwenye kiganja changu na kukifumba kwa mikono yake miwili. Halafu akasema mambo ambayo hajawahi kusema maishani mwake. Nayaandika alivyoyasema.

"Nimesubiri tangu kiangazi, Darrell. Nilijiambia, siku mwanangu mmoja atakaponiambia, nampa ufunguo siku hiyo hiyo. Mwenyewe nilishindwa kujiambia. Jumamosi ile nikaishika ile giaboksi kwa mikono yangu nikajua unataka nini. Nikasema, huyu mtoto amebeba kilo themanini kifuani ili asibebe sentensi moja. Nikakasirika, ndiyo maana nikaliendesha. Kukukomoa tu. Na ona."

Akauliza kama kulikuwa na mtoto. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana, Baba, hakuna. Akalia. Nami nikalia. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka kumwambia kwamba Jumapili iliyopita ningeweza kumpeleka makaburini, kwamba hakuna kazi iliyonizuia, kwamba nilikuwa nimelala kwenye zulia nikimwonea Gordy wivu. Maneno yalifika hadi kooni kabisa.

Nikasema barabara leo inateleza sana.

Baba akanitazama, yaani akatazama pembeni yangu, ndivyo anavyoona. Akasema ndiyo. Inateleza.

Jumatano, Novemba 20

Nimejenga kibanda kipya pale kona, Jumatatu na jana. Gordy alileta mbao bila kuulizwa na hakutoa maoni hata moja, jambo ambalo limeniumiza zaidi. Watoto wanasema kile cha zamani kilikuwa kikubwa.

Gari la Baba liko kwangu, nyuma ya gereji, chini ya turubai. Baba yuko nyumbani. Halalamiki. Anakaa dirishani upande wa barabara na kusikiliza magari ya watu wakikosea gia.

Asubuhi hii Lorna amepiga. Anasema amefurahi sana kwamba hatimaye nilizungumza na Baba. Sikumsahihisha. Halafu akasema kuna jambo jingine dogo. Zile ngazi. Chumba cha Baba kiko juu, goti ndilo lile, macho ndiyo hayo, na jana Baba alimwambia kwenye simu kwamba aliteleza akajishika kwenye reli dakika ya mwisho. Lazima mtu amwambie ahamishie kitanda chini. Mtu yeyote.

Nimemwambia aniachie mimi. Safari hii sitarudia makosa. Nimeyachambua yote kwa makini: kosa langu lilikuwa kubadilisha. Ukimbadilishia mtu kitu, atajifunza kukitumia. Dawa ni kuondoa kabisa.

Nilipita kwa Baba mchana, tukanywa kahawa, tukazungumza upepo. Alipoingia sauna nikachukua vipimo. Vidato kumi na vinne, mbao kavu, misumari ya zamani, itatoka kirahisi kuliko boliti za giaboksi. Gordy amekubali kuniazima msumeno wake mkubwa, na mwakani jukwaa linabaki kwake.

Baba alisema nimwambie tu. Na nitamwambia. Zikishatoka.